UZI: Kumfundisha mtoto kuigeuza hadithi anayoijua (Gredi ya 4 hadi ya 6)

Kalamu_Makadara (mwanzisha uzi)

Hamjambo nyote. Naufungua uzi huu kwa walimu wa Kiswahili na wazazi wa hapa Nairobi wanaotaka mtoto achukue hadithi anayoijua tangu chekechea, aiandike upya, na msomaji akute mambo yameenda kule asikotarajia.

Kazi hii huharibikia mahali pamoja zaidi ya pengine pote. Mtoto anaambiwa "badilisha hadithi", naye anabadilisha kila kitu. Fisi anakuwa roboti, njia panda inahamia Mirihi, sungura anapewa bunduki, na mwishowe "nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto". Hapo hakuna mgeuko, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kugeuzwa. Msomaji hashtuki nyumba ikihamishwa yote. Hushtuka akiingia sebuleni mwake akakuta mlango mmoja umehamia ukuta mwingine.

Kwa hiyo kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja, kisha ufuate matokeo yake kwa uaminifu hadi mwisho. Vingine vyote vikae vilivyo mpaka kile kimoja kivilazimishe kuhama.

Nitatumia hadithi ya fisi aliyeshindwa na njia mbili, kwa sababu hakuna mtoto asiyeijua na methali yake wanaisoma darasani. Kipindi cha Gredi hizi ni dakika 35, nawe unahitaji vipindi sita. Usivibane katika wiki moja. Wiki mbili zinatosha, na mtoto anapata siku za kuitafuna hadithi akiwa njiani kwenda nyumbani.

Kipindi cha kwanza hakuna kuandika. Simulia hadithi ya asili kwa mdomo, kisha watoto wasimuliane wawili wawili, dakika tatu kila mmoja. Anayekwama katikati hana hadithi ya kugeuza bado, kwa hivyo asikilize tena. Baada ya hapo mtafute nguzo, yaani yale mambo ambayo ukiliondoa moja hadithi inaanguka. Za fisi ni sita: ana njaa, anafika njia panda, harufu ya nyama inatoka pande zote mbili, anashindwa kuchagua, anatia miguu ya upande huu njia hii na ya upande ule njia ile, anapasuka msamba. Kata karatasi mbili za A4 vipande vinne kila moja, kila nguzo iandikwe kwenye kipande chake kwa herufi kubwa, uzibandike ubaoni kwa mpangilio.

Kipindi cha pili ni cha swali. Ondoa kadi moja ubaoni na uwaache waangalie lile pengo. Kila mtoto aandike maswali matatu yanayoanza na "Je, kama...", achague moja. Lipime hivi: linagusa nguzo? "Je, kama fisi angekuwa wa zambarau?" haligusi kitu, kwani fisi wa zambarau atapasuka vilevile. "Je, kama fisi angeketi kwanza?" linaing'oa nguzo ya nne, na ya tano na ya sita zinaanguka zenyewe. Hilo ndilo swali zuri.

Kipindi cha tatu ni mnyororo, nacho ndicho moyo wa kazi yote. Piga marufuku "halafu" kwa siku hiyo. Sentensi mbili ziunganishwe kwa "kwa hivyo" au "lakini" tu. Tazameni:

Fisi anaketi. Kwa hivyo hakimbilii harufu yoyote. Lakini njaa inamuuma. Kwa hivyo anafumba macho ili anuse vizuri zaidi. Upepo unageuka, kwa hivyo harufu ya kushoto inafifia na ya kulia inazidi. Lakini hii ya kulia imechanganyika na moshi. Moshi maana yake watu, na watu maana yake mbwa na mikuki.

Mmeona tulipofika? Hatukumwongeza joka wala mchawi. Tulimketisha fisi tu, na sasa ana tatizo jipya ambalo hadithi ya zamani haikumpa nafasi ya kukutana nalo. "Halafu" haikufikishi hapa, kwa maana inakubali chochote kifuate chochote.

Cha nne ni kuandika kimya, dakika 25, maneno 150 hadi 200. Cha tano ni kusahihisha, cha sita ni kusomeana. Hivyo tutavizungumza chini. Karibuni.

---

Mama_Zawadi

Ahsante sana mwalimu. Swali langu: mtoto anachukua Cinderella, anamwita Wanjiku, anamhamishia Kawangware, kisha yaliyobaki ni yaleyale neno kwa neno. Anasisitiza ameshaigeuza. Nimjibu vipi bila kumvunja moyo?

---

Kalamu_Makadara

Mama Zawadi, mwambie ameanza vizuri ila ameishia mlangoni. Jina si nguzo. Mahali panaweza kuwa nguzo, lakini tu iwapo pana tabia zake zinazoingilia mambo. Mwulize swali moja: "Kawangware kuna kitu gani ambacho ikulu ya mwana wa mfalme haikijui?"

Atasema matatu. Haya, mpeleke hapohapo. Katika hadithi ya asili gari la boga linamngoja Cinderella yeye peke yake. Matatu haimngoji mtu. Usiku kama huo inangoja ijae ndipo ing'oe nanga. Kwa hivyo Wanjiku anatoka dansini saa tano na nusu, anapanda mapema kabisa, lakini zimebaki nafasi nne. Saa sita inamkuta ameketi dirishani, na gauni linarudi kuwa matambara mbele ya abiria wote. Kiatu hakidondoki kwenye ngazi za ikulu, kinabaki chini ya kiti. Kwa hivyo aliye nacho ni kondakta, wala si mwana wa mfalme. Sasa nani atamtafuta nani?

Hapo ndipo Kawangware imefanya kazi. Mtoto akiuliza kama anaruhusiwa kumtoa mwana wa mfalme kabisa, mwambie hapana, kadi yake bado iko ubaoni. Atafute matatu imemfanya nini na yeye.

---

Mkutubi_Eastlands

Naongeza jambo linalowapa watoto ujasiri: hadithi hizi zimekuwa zikigeuzwa siku zote. Baadhi yao hudhani kubadilisha hadithi ni kukosea, kama kukariri shairi vibaya.

Msichana wa kofia nyekundu, kwa mfano. Charles Perrault alipomchapisha Ufaransa mwaka 1697, mbwa mwitu alimla msichana na hadithi ikaishia hapo. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, walimwongeza mwindaji anayelipasua tumbo la mbwa mwitu na kumtoa msichana na bibi yake wakiwa hai. Ni mtu mmoja tu aliyeongezwa, na maana yote ikahama. Ile ya dubu watatu, Robert Southey alipoichapisha Uingereza mwaka 1837, aliyeingia nyumbani mwa dubu alikuwa kikongwe. Msichana wa nywele za dhahabu alikuja baadaye.

Tena msiende mbali hivyo. Edward Steere alichapisha mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ya maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama, akaokota thumuni, akanunua paa. Paa yule anamwombea posa binti ya sultani, anamtafutia bwana wake mavazi kwa ujanja, anamuua nyoka na kumpatia jumba. Ukiiweka kando ya ile ya Perrault ya paka mwenye viatu, nguzo karibu zote zinalingana: maskini, mnyama mjanja, uongo kuhusu mavazi, jumba lililonyang'anywa, harusi. Tofauti iko mwishoni. Paka anastarehe maisha yake yote. Paa anaugua, bwana wake anampuuza, anakufa, na yule mtu anajikuta tena jaani.

Zoezi la dakika 20: simulia zote mbili, watoto wapange kadi za kila hadithi safu mbili, wazitafute kadi zisizolingana. Kisha waulize ni kadi gani moja ya tabia iliyozaa tofauti hiyo. Watabishana, na wengi watafika kwenye shukrani ya yule bwana. Usiwaambie mapema.

---

Mwana_Paukwa

Mkutubi, umenikumbusha mwisho wa ndoto. Kuna mwenzetu atasema hata yule maskini aliota yuko jaani. Ni kweli, aliota, lakini alipoamka alikuwa jaani kwelikweli. Kule ndoto inaleta malipo ya alilotenda. "Nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto" inayafuta malipo. Mtoto akiuandika mwisho huo, usimkataze kwa ukali. Mwulize: "Ameamka, sawa. Kuna nini mkononi mwake?" Lazima kitu kibaki.

Mimi nataka kusema juu ya mgeuko wa msimulizi, yaani kumpa hadithi yule aliyekuwa adui. Walimu wengi huanza na huu kwa kuuona mwepesi. Ni mgumu kuliko yote, nami nauweka mwisho, kwa Gredi ya 6.

Chukueni ile ya kima na papa. Kima yuko juu ya mkuyu kando ya bahari, anamtupia papa matunda. Papa anamwalika kwao, wakifika katikati ya maji anamwambia sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema, sisi mioyo yetu tunaiacha mtini. Papa anamrudisha, kima anapanda, basi. Sasa mtoto anaambiwa asimulie kama papa, na anaandika: "Mimi ni papa. Nilimdanganya kima. Kima aliwaza moyoni, huyu ni mjinga, nitamdanganya."

Papa alijuaje kima aliwaza nini? Hilo ndilo kosa kubwa. Msimulizi amebadilika, lakini jicho limebaki palepale lilipokuwa. Dawa yake ni kuchora jicho kwenye pambizo la daftari, na kando yake safu mbili: "Anaona" na "Haoni". Papa anaona maji, anahisi tumbo la kima mgongoni mwake likitetemeka, anasikia sauti yake. Haoni ndani ya moyo wake, na hadithi nzima ni juu ya moyo! Mtoto akilielewa hilo, papa anapata huzuni yake mwenyewe: aliamini kwa sababu rafiki ndiye aliyemwambia.

Kosa la pili ni adui kugeuka mlalamishi. Kurasa mbili za "walinisingizia, mimi ni mwema". Mwenye hila abaki na hila yake. Kinachogeuka ni sababu tu.

---

Ticha_Umoja

Haya yote ni mazuri kwa darasa la watoto ishirini. Wakiwa 62 na madawati ya watatu watatu?

---

Kalamu_Makadara

Ticha, tumia dawati lenyewe. Watatu wa dawati moja wanakuwa kundi moja mpaka kipindi cha tatu, na kadi ni seti moja ubaoni, si seti 21. Mnyororo wafanye kwa mdomo: wa kwanza anasema tukio, wa pili "kwa hivyo", wa tatu "lakini", wanarudi kwa wa kwanza. Mizunguko mitatu inatosha, yaani sentensi tisa. Kila mmoja ananakili mnyororo wa dawati, ila kipindi cha nne kila mtu anaandika peke yake. Utashangaa jinsi mnyororo mmoja unavyozaa insha tatu zisizofanana.

Kusahihisha, usibebe madaftari 62. Beba ya safu moja kila siku.

---

Mhariri_Sahihi

Niingie na kalamu nyekundu. Hii ni rasimu niliyoitunga kwa mfano, ina makosa yanayojirudia sana katika insha za watoto wa Nairobi:

"Siku moja fisi ilikua inatembea. Alafu ilisikia harufu ya nyama. Alafu iliketi kwa njia. Alafu miguu zake zilichoka. Alafu ilikosa kusonga."

Kwanza ngeli. Fisi ni kiumbe hai, kwa hivyo "fisi alikuwa", na miguu ni "yake", "ilichoka". Tena "ilikua" ni ya kukua kama mti. Hapa tunataka "alikuwa". "Alafu" imepoteza h yake, lakini hata ukiirudisha bado imetumika mara nne. Na "kwa njia" ni njiani.

Kubwa zaidi ni wakati. Kiswahili kina chombo maalumu cha kusimulia, nacho ni -ka-. Tukio la kwanza linachukua -li-, yanayofuatana nalo yanachukua -ka-: alifika, akaketi, akafumba macho. Mtoto akiliweza hili, nusu ya "halafu" zake zinakufa zenyewe. Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, ukieleza hali na si tendo, rudi kwenye -li-: "Harufu ilikuwa kali." La pili, kukanusha -ka-. Watoto huandika "akakosa kusonga", na hata watu wazima pia. Fupi na safi ni "asisogee": akaketi, asisogee.

Hivi ndivyo kifungu kilekile kinavyoweza kusomeka:

"Fisi alifika njia panda, akaketi katikati, akafumba macho. Kulia kulinukia mbuzi. Kushoto pia kulinukia mbuzi. Alitaka kuinuka, lakini akasema, 'Ngoja kwanza,' akangoja. Upepo ukageuka. Harufu ya kushoto ikafifia. Ya kulia ikazidi, na ndani yake mlikuwa na moshi. Fisi akafumbua jicho moja, asisogee."

Mgeuko hauonekani kama lugha inayumba. Msomaji atadhani umekosea pale ulipokusudia.

---

Mama_Zawadi

Na Sheng je? Wahusika wa mtoto wangu wote wanaongea kama mtaani.

---

Mhariri_Sahihi

Kwa maoni yangu hapana. Hii ni insha ya Kiswahili, na mtoto ana saa zote nyingine za kuzungumza Sheng.

---

Mwana_Paukwa

Hapo tunatofautiana, ndugu yangu. Masimulizi yawe Kiswahili sanifu, hilo sibishani. Lakini kondakta wa yule Wanjiku akisema "Tafadhali bibiye, jongea ndani", umemuua. Mimi huruhusu Sheng ndani ya alama za usemi tu, kwa mhusika mmoja tu, na mtoto aweze kuitafsiri kwa Kiswahili sanifu akiulizwa. Ikiwa hawezi, hajui anachoandika.

---

Mhariri_Sahihi

Sharti la kuitafsiri linanipendeza. Ila kwenye mtihani asithubutu.

---

Ticha_Umoja

Tutatia alama vipi? Mgeuko una uzito gani?

---

Kalamu_Makadara

Tumia viwango vinne mlivyozoea, lakini upime mgeuko kando na sarufi, la sivyo mwenye tahajia nzuri atamfunika mwenye wazo zuri. Kuzidisha matarajio: kitu kimoja kimebadilika, matokeo yake yamefuatwa hadi mwisho, na mwisho usingewezekana katika hadithi ya asili. Kufikia matarajio: mgeuko unagusa nguzo, matokeo yapo, ila mwisho ni ule wa zamani umerudishwa kwa nguvu. Kukaribia matarajio: mgeuko upo ila hauzai kitu, kama Wanjiku wa kwanza. Mbali na matarajio: ameinakili ya asili, au ameitupa yote.

Jaribio la haraka ukiwa na madaftari mengi: soma aya ya mwisho pekee. Ikiwa ingekaa vizuri mwishoni mwa hadithi ya zamani, mgeuko ulipotea njiani.

Na msidai funzo mwishoni. Mtoto akilazimishwa kuandika "hadithi hii inatufunza kuwa", anaukata mnyororo ili alifikie funzo. Akitaka, abuni methali mpya. "Njia mbili zilimshinda fisi" haiwezi kubaki kwa fisi aliyeketi. Yeye atasemwaje?

---

Mkutubi_Eastlands

La kusomeana nimebakiwa nalo mimi. Watoto waandike nakala safi kwenye kitabu kidogo cha karatasi moja ya A4. Kunja karatasi nusu, tena nusu, tena nusu, ukunjue: unapata miraba minane. Ikunje nusu kwa upana, ukate kwa mkasi kuanzia kwenye mkunjo hadi katikati ya karatasi iliyokunjwa, kwenye mstari wa kati, usipite hapo. Ikunjue, uikunje kwa urefu, ushike ncha mbili na uzisukume kuelekeana hadi upasuo wa katikati ufunguke kama mdomo. Laza kurasa upande mmoja. Una jalada la mbele, kurasa sita, na jalada la nyuma. Mdomo huo usipofunguka, mtoto amekata upande wa ncha badala ya upande wa mkunjo.

Maneno 180 ni kama 30 kwa kila ukurasa, kwa hivyo yanatosha bila kubanana. Hadithi ianze kama zote, Paukwa, Pakawa, sahani ya mchele, giza la mwizi. Hilo lisiguswe, kwa maana ndilo linalomfanya msikilizaji aketi akidhani anajua kinachokuja.

Na sasa mahali pa mgeuko. Ukurasa wa 1 na wa 2 hutazamana, wa 3 na wa 4 hutazamana. Mgeuko ukiwa ukurasa wa 1, msomaji hajapata muda wa kuizoea hadithi. Ukiwa wa 6, hakuna nafasi ya matokeo. Uweke mwanzoni mwa ukurasa wa 3, ambao hauonekani mpaka jani lifunuliwe, na sentensi ya mwisho ya ukurasa wa 2 iwe ile ya zamani kabisa: "Fisi alifika njia panda, akanusa kulia, akanusa kushoto." Anayesoma kwa sauti anyamaze hapo, ahesabu hadi tatu kimoyomoyo, ndipo afunue.